UZI: Riwaya nyepesi ya Kikristo yenye fumbo na mapenzi. Nani aaminike?

Msomaji wa Loleza (mwenye uzi), Mbeya

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Tangu baridi ya mwezi wa sita ilipoanza kushuka kutoka mlima Loleza, wanawake sita wa kwaya yetu tumekuwa tukibaki ukumbini kila Jumamosi baada ya mazoezi, tukivuta viti karibu na jiko na kusoma pamoja riwaya moja ya Kimarekani niliyoinunua Mwanjelwa kwa muuza vitabu vilivyokwishatumika, ikiwa haina jalada. Imeandikwa kwa Kiingereza, na kwa kuwa wenzangu watatu hawakisomi Kiingereza kwa raha, mimi husoma ukurasa kimyakimya kisha nikausimulia kwa Kiswahili, jambo linalotuchelewesha lakini linatupa nafasi ya kubishana kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Tumemaliza Jumamosi iliyopita, ikiwa ni ya saba. Nimezisoma riwaya nyingi za upelelezi na nyingi za mapenzi, lakini sikuwahi kukutana na iliyoyaunganisha hayo mawili na imani ya Kikristo kwa wepesi namna hii, bila mtu kuuawa na bila mahubiri kubandikwa juu ya hadithi.

Mambo yanatokea katika mji mdogo wa wakulima, majira ya mavuno, ambako kanisa lina mnada wake wa kila mwaka. Wanawake wa kanisa wameshona blanketi la viraka, yaani vipande vya nguo za zamani kutoka kila familia vilivyounganishwa kimoja kimoja kwa mkono, na ndilo linalotazamiwa kuleta fedha kuliko kitu kingine chochote ili paa litengenezwe. Usiku wa kuamkia mnada blanketi linatoweka. Anayeanza kulitafuta ni binti wa miaka 29 mwenye duka la mikate, akisaidiwa na shangazi yake, mama ambaye hajui kunong'ona na ambaye huandika majina ya washukiwa nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada. Kuna sura moja ambamo wawili hao wanajificha ndani ya kabati la majoho ili wasikilize mazungumzo ya wazee wa kanisa, na kabla hawajapata kutoka, kwaya inaingia kufanya mazoezi. Sisi tunaolijua vumbi la kabati la majoho tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Nitawapa dalili kama mwandishi alivyozitoa, nisiwafichie hata moja, nanyi mseme mnamshuku nani kabla sijaeleza mwisho. Mlango wa ukumbi haukuvunjwa, na wenye funguo ni wanne: mchungaji, mlinzi, mama mzee anayetunza hazina, na kiongozi wa kwaya. Karatasi iliyofungia blanketi ilikutwa mezani imekunjwa vizuri, na pini zote zimerudishwa katika kopo lake. Saa tano usiku daktari wa mifugo, kijana mgeni mjini ambaye binti wetu ameanza kumpenda, alionekana akipita nyuma ya kanisa amebeba furushi kubwa, na alipoulizwa alikuwa wapi alijibu kwamba hawezi kusema. Siku mbili kabla ya hapo, mama mtunza hazina aliuliza mara mbili blanketi litauzwa bei gani, huku amekishika kiraka kimoja cha buluu chenye maua meupe. Kiongozi wa kwaya ana deni kubwa. Na Jumapili iliyofuata, katika kapu la sadaka, ilikutwa bahasha isiyo na jina yenye dola 400, noti zake zikiwa zimebanwa kwa pini.

Karibuni.

Mama wa Uyole

Marahaba, dada, na asante kwa kutufungulia uzi. Mimi nina mabinti wawili wa sekondari, na kabla sijashuku mwizi yeyote nataka kujua kuhusu hayo mapenzi. Nimekwishaletewa vitabu vilivyoitwa vya Kikristo, kumbe jina la Mungu limewekwa ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu, na katikati mna mambo ambayo nisingependa mwanangu ayasome akiwa peke yake. Vilevile nimeona vya upande wa pili, ambavyo wapendanao wake hawana damu mwilini. Wanatupiana mistari ya Biblia kama watu wanaofanya mtihani. Hiki chako kiko upande upi? Na je, katika hadithi hiyo kuna mtu mzima yeyote anayesimama kati yao? Kwetu kijana akimpenda binti hupita kwa mshenga, barua inapelekwa, wazee wanaulizana habari za ukoo, ndipo ndoa inatangazwa kanisani mbele ya watu wote. Hadithi ya wawili wanaokutana na kupatana wao kwa wao, hata ikiwa safi, naona inamfundisha binti kwamba ndoa ni ya watu wawili tu.

Mwalimu wa Njombe

Kamwene wote. Nimekaa na dalili hizo jioni nzima.

Naanza na padri wa Kikatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika riwaya za upelelezi, na ambaye mwaka 1929 alitoa kanuni kumi za kumtendea haki msomaji wa hadithi za namna hii. Alitaka mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi, mpelelezi asifiche dalili yoyote aliyoipata, asiokolewe na bahati wala na hisia isiyo na maelezo, na nguvu zisizo za kibinadamu zisitumike kabisa kufumbua fumbo. Kama mwandishi wako ameshika kanuni hizo, basi mwizi ni mmoja wa watu uliokwisha kututajia.

Daktari wa mifugo namwondoa. Amewekwa hapo ili tumshuku, na mwenye furushi la wizi hapiti nyuma ya kanisa lenyewe. Deni la kiongozi wa kwaya nalo naona ni la kutupoteza njia. Mimi nashikilia pini. Mwizi wa kawaida hakunji karatasi, wala hana muda wa kuokota pini moja moja usiku na kuzirudisha katika kopo. Hiyo ni mikono ya mtu aliyezoea kushona, ambaye hawezi kuacha pini mezani hata akiwa na hofu, kwa sababu maisha yake yote amewaonya watoto wasichomwe. Kisha noti za bahasha zimebanwa kwa pini. Mwanamume angezikunja au angezifunga kwa mpira. Ninasema ni mama mtunza hazina, na ninasema hakuiba ili auze, kwa maana anayeuza halipi.

Kwa nini basi alichukua, hilo sijalipata.

Kijana wa Kihesa, Iringa

Mwalimu umefikiri vizuri, lakini mimi nina neno zito kidogo kuhusu vitabu vya namna hii, na naomba msinichukulie kwamba nadharau furaha ya akina mama.

Nilipokuwa na miaka 16 nilikuwa nasaidia kupanga viti katika kanisa moja ambalo sitalitaja. Jumapili ya mavuno bahasha za ahadi zilipotea, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka ukumbini wa mwisho, niliitwa mbele ya watu wazima saba nikahojiwa tangu saa nane mchana mpaka jua likazama. Mama yangu alikaa nje kwenye ngazi. Wiki tatu baadaye bahasha zilikutwa ndani ya kabati la vitabu vya nyimbo, mahali alipoziweka mtu mzima mmoja kwa usalama kisha akasahau. Hakuna aliyekuja nyumbani. Hakuna aliyesema neno mbele ya watu, ingawa nilishukiwa mbele ya watu. Niliendelea kwenda ibadani kwa sababu ya mama, lakini sikupanga kiti tena.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba huyo daktari alishukiwa mbele ya mji mzima, swali langu halihusu aliyeiba. Nauliza kama kuna ukurasa ambao mtu anakwenda kumwomba radhi, na kama kuomba huko kunamgharimu chochote. Riwaya nyepesi hukimbilia harusi. Ikiwa binti anamshuku, kisha ukweli unajulikana, kisha wanacheka na kukumbatiana, basi kitabu hicho kimesema uongo kuhusu jambo ambalo mimi nalijua.

Binti wa Rungwe, Tukuyu

Ugonile dada yangu. Na wewe kaka wa Kihesa, pole sana. Nimelisoma lako nikanyamaza kwanza.

Mimi swali langu ni la imani. Huku kwetu kitu kikipotea watu hushika njia mbili: wapo wanaokwenda kupigiwa ramli, na wapo wanaokwenda kwa mtu wa maombi ili awatajie jina la mwizi, na kadiri ninavyozidi kukua naona njia hizo zinafanana kuliko tunavyokiri. Hata hivyo sitaki kusema kwamba Mungu hafunui jambo. Sasa Mwalimu ametuambia kwamba padri mzima aliandika kanuni ya kuzuia nguvu zisizo za kibinadamu kufumbua fumbo. Je, mwandishi Mkristo anawezaje kumwacha binti atafute kwa akili zake, aombe usiku na mchana, na asipate hata ndoto moja? Nikimpa mama yangu kitabu hicho ataniuliza sala za huyo binti zilikwenda wapi.

Katekista mstaafu, Tosamaganga

Binti yangu wa Rungwe, swali lako nimelipenda, nami nitalijibu kwa hadithi ambayo ni kongwe kuliko riwaya zote za upelelezi.

Katika Biblia tunayoitumia sisi Wakatoliki, sura ya 13 ya kitabu cha Danieli ina habari za Suzana, mke mwaminifu ambaye wazee wawili waliomtamani walimsingizia kwamba amezini na kijana mmoja. Amekwisha kuhukumiwa kufa, anamlilia Mungu, na Mungu anaiamsha roho ya kijana Danieli. Angalia sasa Danieli anafanya nini. Haleti ndoto. Anaagiza wazee watenganishwe, kisha anamuuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine anataja mti mwingine, na uongo umekwisha. Sura inayofuata, makuhani wa Beli wanadai kwamba sanamu yao hula chakula kila usiku, naye Danieli anamwaga majivu sakafuni. Asubuhi zinaonekana nyayo za makuhani, za wake zao na za watoto wao, waliokuwa wakiingia kwa mlango wa siri. Ni ucheshi mtakatifu kabisa.

Na kwa ndugu zetu ambao Biblia zao hazina sura hizo, someni 1 Wafalme sura ya 3. Sulemani aliota ndoto kweli, Mungu akamtokea, lakini katika ndoto hiyo hakutajiwa mtoto ni wa mama yupi. Aliomba moyo wa kupambanua, akapewa, na walipokuja wanawake wawili alilazimika kuutumia. Sala ilijibiwa kabla kesi haijafika.

Nimalizie na Padri Brown, mpelelezi aliyebuniwa na Mwingereza G. K. Chesterton, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1911. Katika hadithi ya kwanza kabisa anamtambua mwizi aliyejivika upadri, na mojawapo ya dalili zilizomwonyesha ni kwamba mwizi huyo aliidharau akili, jambo ambalo Padri Brown alisema si teolojia njema. Alipoulizwa ameujuaje uovu wote huo, alieleza kwamba mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza dhambi za watu hawezi kuwa mgeni wa maovu. Mwizi huyo baadaye aliacha wizi akawa rafiki yake. Nimeisikiliza miaka mingi minong'ono ya watu wanaojiandaa kwa kitubio, nami nasadiki.

Msomaji wa Loleza (mwenye uzi)

Mzee wangu wa Tosamaganga, shikamoo, umenisaidia jambo ambalo nilikuwa nalihangaikia. Nitawajibu wengine, kisha nitaeleza mwisho.

Mama wa Uyole, katika kurasa 280 wapendanao hao wanashikana mikono mara moja, tena kwa sababu njia ilikuwa na barafu, na busu ni moja tu, ukurasa wa mwisho. Lakini damu wanayo. Daktari hununua mkate uleule wa rai, nafaka inayofanana na ngano, kila asubuhi, na katikati ya kitabu tunagundua kwamba mkate huo haupendi hata kidogo. Humpelekea jirani yake mzee, na yeye mwenyewe anakwenda dukani kwa ajili ya dakika nne za kusubiri ufungwe. Sisi wanawake sita tuliunyamazia ukurasa huo. Mshenga hayumo, lakini shangazi anaifanya kazi hiyo bila kutumwa: anamhoji daktari habari za mama yake, anamwalika chakula akiwa na wazee wawili wa kanisa mezani, na kumwambia waziwazi kwamba binti huyu hakukulia porini. Mabinti zako wape bila wasiwasi.

Lililonishika zaidi nililiona kwa sababu nilikuwa nasimulia kwa Kiswahili. Kiingereza kina neno moja la imani ya dini, jingine la kumwamini mtu, jingine la uaminifu wa wapendanao, na jingine tena la mali uliyokabidhiwa uitunze. Kila nilipoyageuza nilijikuta nimerudi katika shina lilelile: imani, kuamini, uaminifu, amana. Hata amina tunayoitikia mwisho wa sala imetoka huko. Ndipo nikaelewa kwa nini riwaya hii haikuonekana kama vitu vitatu vilivyofungwa kwa kamba moja. Blanketi lilikuwa amana ya wanawake mikononi mwa kanisa. Daktari alikuwa ameshika amana ya mtu mwingine, ndiyo maana alikataa kusema alikuwa wapi. Binti anapaswa kuamua kama atamwamini mtu ambaye kila dalili inamwelekea, huku akimwomba Mungu ambaye naye yuko kimya. Fumbo, mapenzi na dini vinamuuliza swali lilelile, na nadhani waandishi wanaoshindwa katika aina hii ni wale wanaouliza matatu tofauti.

Dorothy L. Sayers, binti wa mchungaji wa Kianglikana, alilijua jambo hili. Katika riwaya yake ya mwaka 1930 mpelelezi anamposa mwanamke aliye gerezani kwa kosa asilolitenda, kisha anamwokoa asinyongwe. Mwanamke anakataa, kwa kuwa hawezi kuolewa kwa deni la shukrani. Anakubali katika riwaya ya mwaka 1935. Wasomaji walingoja miaka mitano, wala hawakuchoka.

Sasa mwisho. Asiyetaka kuujua aishie hapa.

Mwalimu umepata. Ni mama mtunza hazina. Kiraka cha buluu chenye maua meupe kilikatwa kwenye gauni la binti yake aliyefariki akiwa na miaka tisa. Alilitoa gauni hilo mwenyewe, siku ambayo alidhani amekwisha pona, na blanketi lilipokamilika akatambua kwamba litanunuliwa na mtu wa mji mwingine na hataliona tena. Alilichukua ili alale nalo usiku mmoja. Asubuhi mji wote ulikuwa umejaa habari za wizi, aibu ikamfunga mdomo, na alichoweza ni kutoa akiba yake yote, zile dola 400, na kuzibana kwa pini. Furushi la daktari lilikuwa ndama aliyezaliwa kabla ya wakati, wa mfugaji aliyekuwa anauza ng'ombe wake kwa siri ili alipe deni, na ambaye alimsihi daktari asimwambie mtu.

Kijana wa Kihesa, sura yako ipo, na ni ndefu kuliko sura ya kumpata mwizi. Binti alikuwa ametamka shaka yake dukani mbele ya wateja. Ukweli unapojulikana anataka kwenda kwa daktari jioni, peke yake, na kipande cha keki. Shangazi anamzuia mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika kitabu kizima anasema kwa sauti ya chini. Maneno yake niliyatafsiri hivi: uliyemvua nguo sokoni usiende kumvika gizani. Jumapili, wakati wa matangazo, binti anasimama. Anaeleza alichosema, siku aliyokisema, na waliokuwapo. Hajitetei kwamba dalili zilimwelekea. Daktari hayupo kanisani siku hiyo, yuko shambani na ng'ombe anayezaa, kwa hiyo hamwombi radhi ili atazamwe naye. Anawaomba watu wamrudishie daktari jina lake. Wiki mbili nzima baada ya hapo daktari haji kununua mkate. Mwandishi ameziacha wiki hizo ziwe ndefu, na mimi namheshimu kwa hilo.

Kasoro zipo. Deni la kiongozi wa kwaya linaachwa hewani bila maelezo, na Mwalimu ana haki ya kulalamika. Sura tatu za katikati zinazunguka palepale. Sala ya sura ya 12 ina maelezo mengi mno, kana kwamba binti anamfahamisha Mungu mambo ambayo ni msomaji anayepaswa kuambiwa. Nilipoisimulia niliifupisha, na nakiri kwamba ilikuwa bora.

Kijana wa Kihesa, Iringa

Nimesoma mara mbili. Kitu kilichonigusa ni kwamba daktari hakuwapo kanisani. Ningeomba, dada, kama utapata nafasi, uiandike sura hiyo kwa Kiswahili yote kama ilivyo, hata kama itakuchukua mwezi. Mama yangu bado yuko hai na ningependa nimsomee.

Binti wa Rungwe, Tukuyu

Mzee wa Tosamaganga, hilo la Sulemani nimelipeleka kwa mama. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba basi kuna sala ambazo tunazisubiri mlangoni wakati zimekwisha kuingia kwa dirisha. Anataka kitabu.

Mwalimu wa Njombe

Dada wa Loleza, deni la kiongozi wa kwaya nitalikumbuka kwa uchungu, lakini mengine yote ni haki tupu.

Niongeze kwamba hata katika Kiswahili upelelezi ulianza kwa namna hii ya kutumia akili mahali ambapo watu walitegemea mizimu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, anachunguza kifo cha mtu ambaye maiti yake ilikutwa penye mzimu wa kale, na wakati wengine wanauogopa mzimu yeye anatafuta mkono wa mtu. Kwa hiyo njia imekwisha kulimwa. Kinachokosekana, kwa ladha yangu, ni fumbo la namna hiyo lililo jepesi, lenye wapendanao, na linalotokea katika usharika wa huku kwetu.

Fikirini mnada wa mavuno. Mkungu mmoja wa ndizi unauzwa mara tatu, kwa sababu kila anayeununua anaurudisha uuzwe tena. Jogoo wanalia chini ya madhabahu. Kuna madebe ya mahindi, viazi, parachichi na mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya mlango. Katibu anaandika ahadi za watu ambao hawajalipa papo hapo. Ukungu wa Njombe wa mwezi wa saba unaficha mtu aliye hatua kumi mbele yako. Mahali gani pengine fumbo lingekaa vizuri kuliko hapo? Hata daktari wa mifugo tunaye. Mama wa Uyole atapata mshenga wake, na matangazo ya ndoa yanaposomwa Jumapili tatu, katika Jumapili ya pili mtu mmoja anaweza kuinua mkono.

Mama wa Uyole

Mwalimu, andika. Sisi tutasoma, na mimi nitakuwa wa kwanza kukwambia pale wapendanao wako watakapoanza kutupiana mistari. Dada, umenitoa wasiwasi. Ila hujatuambia kama mnada ulifanyika.

Msomaji wa Loleza (mwenye uzi)

Ulifanyika, mama, baada ya mwezi. Wanawake walikifumua kiraka cha buluu wakampa mwenyewe, na pale palipobaki wazi wakashona kipande cha aproni ya binti wa mikate, chenye doa la unga lisilotoka. Aliyelinunua ni mfugaji mwenye yule ndama, kwa fedha za ng'ombe wake wa mwisho kuuzwa. Kijana wa Kihesa, sura yako nimeianza jana usiku. Nimefika pale shangazi anaposimama mlangoni.

Nina jambo moja zaidi. Katika kundi letu yumo bibi mmoja, mkubwa wetu sote, ambaye kwa Jumamosi zote saba hakubishana wala hakumshuku mtu; alikuwa anakaa karibu na jiko akifuma. Leo, ingawa kitabu kimekwisha, alikuja ukumbini na kipande cha kitenge kilichopauka, akakiweka gotini, akaniomba nirudi pale mama mtunza hazina anapouliza bei. Nikamsomea. Akaniuliza kama mwandishi anamtaja yule mtoto kwa jina lake. Nilisema sidhani, kisha nikatafuta. Jina lipo. Limetajwa mara moja, katika sura ya pili, pale mchungaji anaposoma orodha ya marehemu wa kanisa, siku mbili kabla ya blanketi kupotea, na sisi sote sita tulilipita.